Mifupa ya kale yatoa siri: Nguruwe alifuata jalala na choo cha binadamu



Huenda ukashtuka kuiona safu ya afya na usafi, katika gazeti linalosomwa na familia za Kiislamu, ikimzungumzia nguruwe tangu mwanzo hadi mwisho. Nyama yake ni haramu kwetu. Hukumu hiyo imo ndani ya Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 173 na kwingineko, na Muislamu hangoji majibu ya maabara ndipo aitii amri ya Mola wake. Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa ili kuitetea hukumu hiyo. Yameandikwa kwa sababu kuna maradhi ambayo wengi wetu tunaamini hayatuhusu kwa kuwa hatuli nguruwe, kumbe njia yake inapita chooni na mikononi. Njia ya uchafu wa namna hiyo imeonekana hata kwenye meno ya nguruwe waliokufa miaka 8,000 iliyopita.

Nitoe angalizo moja kabla ya kuendelea. Mitaani kuna maandishi mengi kuhusu mnyama huyu, zamani yalikuwa ya karatasi za kufotokopi na siku hizi yanazunguka kwenye simu, yanayodai mambo ambayo hakuna daktari wala mtafiti aliyepata kuyathibitisha. Mtu anayasoma na kufurahi kwa sababu yanamuunga mkono. Lakini siku ikigundulika kuwa yalibuniwa, hata la kweli tutakalolisema halitaaminiwa. Humu tutasema yaliyopatikana kwenye mifupa yenyewe, na pale wataalamu walipopingana tutaeleza kwamba walipingana.

Mfupa unasomwaje?

Watu walioishi kabla ya kuwepo maandishi hawakutuachia daftari la mifugo. Walichotuachia ni majalala. Walikula, wakatupa mifupa nyuma ya nyumba, vumbi likaifunika, nyumba nyingine ikajengwa juu yake, na baada ya maelfu ya miaka mahali pale pakawa kilima. Wataalamu wa mambo ya kale wanapokifukua kilima kama hicho hushuka tabaka kwa tabaka na kuchekecha udongo kwa chekeche, maana mfupa wa mtoto wa nguruwe ni mdogo, ni laini na hupotea upesi. Mingi ilishaliwa na mbwa siku ile ile ilipotupwa.

Kinachotafutwa kwanza ni taya. Jino ni gumu kuliko mfupa, hivyo hudumu. Nguruwe huota meno kwa mpangilio unaojulikana: ya utotoni hutangulia, magego hufuata moja baada ya jingine, na gego la mwisho hutoka mnyama anapokaribia miaka miwili. Mtaalamu akiliona taya ambalo gego hilo bado halijatoka, anajua mnyama yule hakuufikia umri huo. Akitazama chonge anajua jinsia, kwa kuwa chonge la dume ni kubwa na lina umbo lake, na la jike ni dogo.

Umri na jinsia vina maana gani? Mfugaji huchagua. Madume mengi huyaondoa mapema yakishanenepa, na majike huyabakiza yazae. Nguruwe hakamuliwi maziwa, hana sufu, hafungwi plau wala habebi mzigo. Faida yake kwa wafugaji wa kale ilikuwa nyama na mafuta basi, na jike mmoja huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Hapakuwa na sababu ya kumlisha kwa miaka mingi. Ndiyo maana katika jalala la wafugaji taya nyingi huwa za wanyama wachanga, wakati katika kambi ya wawindaji kwa kawaida utakuta mchanganyiko mkubwa zaidi wa umri.

Halafu kuna ukubwa. Nguruwe mwitu ni mnyama mkubwa mwenye pua ndefu. Vizazi vyake vikikaa chini ya mikono ya watu kwa muda mrefu, mwili hupungua na pua hufupika, na meno nayo huwa madogo. Kwa hiyo mtaalamu hukaa na kipimo chake akipima magego, mamia kwa mamia, tabaka hadi tabaka. Ni kazi ya kuchosha, na wanaoifanya wanastahili pongezi.

Mwisho kuna mistari. Jino linapokua, mnyama akipatwa na njaa, ugonjwa au msukosuko wowote, ukuaji husimama kwa muda na kovu hubaki kwenye lile tabaka gumu la nje. Kuzaliwa huacha alama, kuachishwa ziwa huacha alama, na majira ya baridi yenye njaa nayo huacha yake. Kovu hilo halifutiki, kwa sababu jino likishaumbika halijirekebishi kama ngozi. Tukizifikiria meno ya watoto wetu wenyewe, tutajua jambo hili si geni, kwani mtoto aliyeugua sana utotoni huweza kukua na madoa au mikunjo kwenye meno ya ukubwani.

Kilima cha Çayönü

Kusini mashariki mwa Uturuki, karibu na mji wa Ergani katika jimbo la Diyarbakır, kuna kilima kiitwacho Çayönü. Kiko katika nchi ya juu ya mto Tigris, ule ambao Waarabu wanauita Dijla. Uchimbaji ulianza mwaka 1964 chini ya bibi Halet Çambel wa Uturuki na Robert Braidwood wa Marekani. Wakulima wa mwanzo kabisa waliishi pale kwa karne nyingi mfululizo, kuanzia zaidi ya miaka 8,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS), na katika muda wote huo hawakuacha kula nguruwe. Kwa mtafiti hiyo ni bahati kubwa, maana anaweza kumfuatilia mnyama yule yule, mahali pale pale, kwa takriban miaka 2,000.

Mwaka 2001 wataalamu wanne, Anton Ervynck, Keith Dobney, Hitomi Hongo na Richard Meadow, walitoa uchunguzi wao wa meno hayo. Walitazama ukubwa, umri wa kufa na ile mistari niliyoitaja. Waliokuwa wakitarajia kuona mstari mmoja, huku mnyama wa porini na huku wa kufugwa, hawakuuona. Walichokiona ni badiliko la polepole mno: meno yakipungua kidogo kidogo, wanyama wakiuawa wakiwa wachanga zaidi kadiri karne zilivyopita. Hakuna siku ambayo mtu alikwenda porini na kamba akarudi na nguruwe wa kufuga. Vizazi vya watu na vizazi vya nguruwe vilisogeleana, na pengine hakuna aliyejua kwamba kuna jambo linatokea.

Walisogeleanaje? Maelezo yanayokubalika zaidi miongoni mwa wataalamu ni kwamba nguruwe, kama mbwa kabla yake, aliingia kwa njia ya jalala. Watu walipoacha kuhamahama na kukaa mahali pamoja, taka zilianza kurundikana: mabaki ya chakula, maganda, mifupa, na kinyesi. Nguruwe mwitu hula karibu kila kitu. Wale wenye woga mdogo wakawa wanakuja usiku, kama tunavyowaona kunguru na mbwa koko kwenye majalala yetu, na wenye woga mwingi wakabaki porini. Waliokuja walishiba na kuzaa zaidi. Mwenye jalala naye akaona nyama inajileta yenyewe mlangoni. Kondoo na mbuzi hawakuingia kwa mlango huo. Inaelekea wao walianza kwa kuwindwa, kisha makundi yao yakalindwa na hatimaye yakafungiwa, na chakula chao ni majani.

Wataalamu waliposhindana

Nilisema tutaeleza palipo na ubishi. Si mbali na Çayönü kuna mahali paitwapo Hallan Çemi, pakongwe zaidi, palipochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kabla bwawa halijafunika eneo hilo kwa maji. Michael Rosenberg na Richard Redding walikuta taya nyingi za nguruwe wachanga, wakasema pale ndipo ufugaji wa nguruwe ulipoanzia, hata kabla ya kilimo cha nafaka. Habari hiyo ilienea sana. Baadaye, mwaka 2009, watafiti wengine waliirudia mifupa hiyo wakaona kwamba inaweza kuelezwa kwa uwindaji wa kawaida. Wawindaji wanaovizia majike na watoto wao wataacha jalala linalofanana na la mfugaji. Umri peke yake, basi, hautoshi kuwa shahidi. Lazima ushahidi mwingine uungane nao.

Kisiwani Kupro, katika bahari ya Mediterania, shahidi alikuwa wa aina nyingine kabisa. Katika pango dogo la mwambao liitwalo Akrotiri Aetokremnos ilipatikana mifupa michache midogo ya miguu ya nguruwe, yenye umri wa zaidi ya miaka 11,400. Sasa Kupro ni kisiwa kilichotengwa na bara kwa makumi ya kilomita za bahari, na hakikuwa na nguruwe wa asili. Mnyama yule alifikaje? Jean-Denis Vigne na wenzake walieleza mwaka 2009 kwamba alipakiwa na watu kwenye chombo. Miili ya nguruwe hao ilikuwa midogo kuliko ya wale wa bara. Yaani kabla hata nguruwe hajawa wa kufugwa kwa maana kamili, watu walikuwa tayari wanamkamata, wanamvusha bahari na kumwachia kisiwani ili wamuwinde baadaye. Sisi watu wa mwambao tunajua kazi ya kumpakia hata mbuzi mmoja kwenye ngalawa. Nguruwe mwitu je?

Kutoka nchi hizo wakulima walihamia Ulaya wakiwa na mifugo yao, na waliwasili na nguruwe zaidi ya miaka 8,000 iliyopita. Vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa ya kale vilionesha jambo la ajabu kidogo: nguruwe wale wa Mashariki ya Karibu walizaliana na nguruwe mwitu wa misitu ya Ulaya mara nyingi kiasi kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, asili ya Mashariki iliyobaki kwa nguruwe wa Ulaya wa leo haizidi asilimia 4. Mabanda hayakuwa na kuta imara. Mnyama alitoka, akaenda atakako, akala alichokikuta, akarudi.

Mwili huandika ulichokula

Hadi hapa tumeona umbo la mfupa. Lakini mfupa na jino vina kumbukumbu nyingine ambayo macho hayaioni. Chakula na maji vinayojenga mwili vinatoka katika ardhi fulani, na kila ardhi ina kemia yake. Mwaka 2019 Richard Madgwick na wenzake walipima mabaki ya nguruwe 131 kutoka maeneo manne ya kusini mwa Uingereza, likiwemo la Durrington Walls lililo jirani na mawe makubwa ya Stonehenge, walikokusanyika watu kwa karamu takriban miaka 4,500 iliyopita. Kemia ya mabaki hayo ilionesha kuwa wengi wa wanyama hao hawakukulia pale. Walitoka sehemu mbalimbali za kisiwa kile, wengine ikiwezekana mbali kama Scotland. Mtu alimswaga nguruwe mamia ya kilomita kwa ajili ya karamu, na aliyejaribu kumswaga nguruwe anasema ni mnyama asiyeswagika kirahisi.

Kemia hiyo hiyo huonesha aina ya chakula. Kaskazini mwa China, wakulima wa zamani walilima mtama mdogo, nafaka inayoacha alama yake ya kaboni mwilini. Mifupa ya nguruwe wa vijiji vile ina alama ile ile iliyomo katika mifupa ya watu. Nguruwe wa porini hakuwa na shamba la mtama. Aliyekula mtama alipewa makapi na makombo, au alikula kilichobaki cha mtama baada ya kupita tumboni mwa mtu.

Jambo hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kulithibitisha. Kisha ukaja ukoga wa meno.

Ukoga (wengine wanauita ugaga) ni ule utando mgumu unaojijenga kwenye jino lisilosafishwa. Nguruwe hapigi mswaki. Kila anachokitafuna huacha chembe, na chembe hizo hufungwa ndani ya ukoga kama mchanga ndani ya saruji. Mwaka 2025 Jiajing Wang wa chuo cha Dartmouth cha Marekani na wenzake wa China walichapisha uchunguzi wa meno 32 ya nguruwe kutoka Jingtoushan na Kuahuqiao, sehemu mbili za kusini mwa China zenye umri wa miaka isiyopungua 8,000. Waliukwangua ukoga na kuutazama kwa hadubini. Ndani yake walikuta chembe za wanga za mchele, za viazi vikuu, za mbegu za miti na za nyasi za porini. Baadhi ya chembe zilikuwa zimeharibika kwa namna inayotokea chakula kinapopikwa. Nguruwe haungi moto. Chakula kile kilitoka kwenye chungu cha mtu.

Pamoja na wanga walikuta kitu kingine: mayai ya minyoo mjeledi. Huyu ni mnyoo mdogo mwembamba anayeishi katika utumbo mpana na kuutoa uzao wake kwa njia ya kinyesi, na ni miongoni mwa minyoo inayowasumbua watoto wetu hadi leo. Nguruwe naye ana mnyoo mjeledi wake anayefanana sana na wa binadamu, hivyo jambo hili linataka uangalifu. Watafiti wale waliyahusisha mayai hayo na binadamu, na maelezo yao ni kwamba nguruwe wale walikula kinyesi cha watu, au walikula na kunywa vilivyochanganyika nacho. Meno yenyewe yalikuwa ya aina mbili, mengine makubwa kama ya porini na mengine madogo yanayofanana na ya nguruwe wa kufugwa wa leo. Ndiyo kusema uhusiano ulikuwa umeshaanza, na chembe za chakula kilichopikwa na mayai ya minyoo vilikutwa katika ukoga ule ule.

Maelfu ya miaka baadaye, katika enzi ya Han iliyoanza mwaka 206 kabla ya Nabii Isa (AS), Wachina waliwazika wafu wao pamoja na sanamu ndogo za udongo za vitu vya nyumbani. Miongoni mwake zimepatikana nyingi za choo kilichojengwa juu ya banda la nguruwe, tundu la choo likielekea chini kwa mnyama. Katika kisiwa cha Jeju huko Korea vyoo vya namna hiyo vilitumika hadi karne ya 20. Tusiwacheke. Kwa mkulima maskini ilikuwa njia ya kuondoa uchafu, kupata nyama na kupata mbolea kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kile kilichopanda pamoja na nyama.

Nani alimwambukiza nani?

Tegu la nguruwe ni mnyoo bapa unaofikia urefu wa mita kadhaa ndani ya utumbo wa mtu. Hupatikana kwa kula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo huo ambayo haikuiva sawasawa. Mtu mwenye tegu hutoa mayai kwa maelfu katika choo chake, mara nyingi bila kujisikia mgonjwa. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa, hupenya na kwenda kukaa kwenye misuli yake kama vifuko vidogo vya maji. Mtu akila misuli hiyo, mzunguko huanza upya. Katika mzunguko huu nguruwe peke yake hawezi kuuendesha ugonjwa. Tegu kubwa linalotaga mayai huishi ndani ya binadamu tu.

Wengi hudhani nguruwe ndiye aliyetuletea. Mwaka 2001 Eric Hoberg na wenzake walichunguza nasaba ya minyoo hii wakafikia uamuzi tofauti: mategu ya binadamu yalikuwepo Afrika kwa muda mrefu sana kabla mtu hajafuga mnyama yeyote, yakihusiana na yale ya wanyama wala nyama kama simba na fisi, na baadaye ni binadamu aliyewapa ng'ombe na nguruwe baada ya kuwafuga. Ukiweka matokeo hayo kando ya meno ya Jingtoushan picha inaeleweka. Choo kilitoka kwa mtu kikaenda kwa mnyama, na mnyama akakirudisha mezani.

Sasa tufike kwetu. Je, aliyejiepusha na nyama ya nguruwe maisha yake yote yuko salama? Kwa tegu la utumboni, ndiyo, kwa sababu hilo hupatikana kwa kula nyama. Lakini kuna ugonjwa wa pili unaosababishwa na mayai, na mayai hayamo kwenye nyama. Yamo kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu huyo asiponawa vizuri, mikono yake huyabeba. Akishika kachumbari, akikanda unga, akimlisha mtoto, mayai huingia kinywani mwa asiye na habari. Kisima kilicho karibu na choo kibovu huweza kuyabeba, na mchicha uliomwagiliwa kwa maji machafu vilevile. Yakishamezwa, mwili wa mtu hufanywa kama mwili wa nguruwe: viluwiluwi husafiri na kujifungia kwenye misuli, machoni, na mbaya zaidi, katika ubongo. Huko huleta maumivu ya kichwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na makazi ya watu, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu hii.

Kisa kinachojulikana sana kilitokea New York, Marekani, mwaka 1990 na 1991. Watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi wanaoshika dini yao, wasio na udugu wa karibu, waliugua kifafa na kukutwa na vifuko vya tegu ubongoni. Wayahudi hao, kama sisi, hawali nguruwe kabisa. Madaktari walipofuatilia walielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu hilo lipo. Inaelekea mmoja hapa na mwingine pale walikuwa nalo tumboni bila kujua, na walipika.

Nakisimulia kisa hiki kwa tahadhari. Sitaki mama wa nyumba ainuke hapa na kumtazama dada wa kazi kwa jicho baya, wala jirani yetu Mkristo anayefuga nguruwe aonekane adui. Tegu halichagui dini wala cheo. Nchini Tanzania utafiti umelikuta katika maeneo wanakofugwa nguruwe kwa kuachiwa, kama Mbulu upande wa kaskazini na Mbozi nyanda za juu kusini, na watu husafiri, hufanya biashara na hula hotelini. Anayepika chapati stendi ya mabasi hatumfahamu choo chake.

Kinachofaa kufanywa nyumbani hakina gharama kubwa. Choo kiwe na mlango, shimo lake lifunikwe, na mnyama yeyote asikifikie. Kando yake kuwe na maji na sabuni, maana istinjaa kwa maji imeondoa uchafu mwilini lakini mkono uliofanya kazi hiyo bado unahitaji sabuni kabla haujagusa chungu. Kucha za wapishi na za watoto zikatwe, jambo ambalo kwetu ni sunna. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka na si kuzamishwa kwenye beseni lile lile la kila kitu. Maji ya kunywa yachemshwe. Dada wa kazi anapoajiriwa, apelekwe zahanati apimwe choo kama tunavyowapima watoto wetu, na mwajiri na familia yake wapimwe pia, kwani pengine tegu limo kwa baba aliyekuwa akila vibandani safarini bila kuuliza.

Aidha, mtu mzima aliyeanza kifafa ghafla bila kuwa nacho utotoni asifungiwe ndani akisomewa peke yake huku hospitali ikisubiri. Dua iendelee na vipimo vifanyike. Vifuko vya ubongoni huonekana kwa picha maalumu za kichwa, na vina matibabu. Ndugu wasimnunulie dawa ya minyoo dukani kwa kubahatisha: dawa ikiviua vifuko hivyo bila usimamizi wa daktari, ubongo huweza kuvimba pande zote na degedege likazidi kuliko awali. Daktari hutanguliza dawa ya kuzuia uvimbe huo, na humweka mgonjwa chini ya uangalizi siku za mwanzo.